Kijiti cha Mzee Osward

Zahanati ya Lupembule,
4 Machi 2024

Shikamoo Mzee Osward,

Hunijui. Naitwa Sekela, nesi wa zahanati hii, mzaliwa wa Tukuyu, na huu ni mwaka wa pili tangu niletwe huku ziwani. Ningekupigia simu, lakini mnara wetu ulipigwa radi mwezi wa kwanza na hakuna aliyekuja kuutengeneza. Barua hii anakuletea Mama Bonifasia, anayepandisha dagaa wa usipa kwa miguu kuja kuuza huko kwenu mlimani Ruanda. Ameniambia wewe ni mkali lakini barua ya mtu huitupi.

Shida yangu ni boti ya wagonjwa, ile uliyoitunza wewe miaka yote. Mwezi uliopita Edmund, dereva wetu, aliipandisha nchi kavu akabadilisha oili ya giaboksi. Tangu siku hiyo haifiki mbali. Tukiondoka hapa iko kimya. Baada ya dakika ishirini hivi, tukikaribia rasi ya mawe, alamu ya giaboksi inaanza kulia na taa nyekundu inawaka. Tukizima na kusubiri ipoe inanyamaza. Edmund akiongeza moto, inalia tena. Tumejaribu mara nne na mara zote nne tumerudi.

Oili tunapima kwa kijiti chako cha mwanzi, kile chenye alama uliyoikata kwa kisu. Bado kinaning'inia kwenye msumari wake na hakuna anayekitumia kwa kazi nyingine. Oili iko chini ya alama kwa kidole kimoja. Kifuniko cha giaboksi kina kichuma kifupi kwa ndani, lakini naona kilikatika, hakifai kupimia.

Barabara yetu imefunikwa na maporomoko sehemu tatu. Mitumbwi haipiti rasi kwa upepo huu. Wilayani nimeambiwa nisubiri fundi, na fundi anasubiri barabara. Na mimi nina mama hapa ambaye uzazi wake wa kwanza alipasuliwa. Siku zake ni mwisho wa mwezi huu. Hatakiwi kabisa kuanza uchungu akiwa hapa, maana kovu likiachia sina chumba cha upasuaji wala chupa moja ya damu. Mlima hawezi kuupanda. Kilichobaki ni boti, na boti haivuki rasi.

Nisaidie, Mzee wangu.

Nesi Sekela


Ruanda,
7 Machi 2024

Nesi Sekela,

Marahaba. Bonifasia amekudanganya, barua nyingi nimezitupa. Yako nimeisoma mpaka mwisho kwa sababu hukunizungusha na salamu kurasa mbili.

Sasa sikiliza. Giaboksi ile naijua kuliko ninavyowajua watoto wangu niliowazaa. Miaka ishirini na miwili nimelala nayo, nimeamka nayo. Oili iko chini ya alama kwa kidole, halafu mnashangaa alamu inalia? Gia linasagika kavu! Huyo Edmund alikuwa hivyo hivyo tangu zamani, ukimpa oili anaipima kama dawa ya kikohozi. Mwambie Osward amesema ajaze mpaka kwenye alama. Asikadirie. Alama ile niliikata mwenyewe mwaka 2003, siku stiki ya chuma iliponiponyoka ikazama ziwani, na haijawahi kunidanganya hata siku moja.

Hicho kichuma kifupi unachosema sikijui. Labda wamebandika kifuniko cha mashine nyingine. Kitupeni.

Huku mvua imetuharibia, mashimo yangu ya ngoro shambani yamejaa maji mpaka juu na maharage yanaoza. Ukiwa na usipa mkavu mpe Bonifasia aniletee kidogo, hayo ndiyo malipo yangu.

Osward


Lupembule,
11 Machi 2024

Shikamoo Mzee,

Usipa huo, furushi la kitambaa cha bluu.

Tumejaza mpaka kwenye alama, sawasawa, nimeshuhudia mwenyewe. Jana tukatoka. Mzee, imekuwa mbaya zaidi. Safari hii hatukumaliza hata dakika kumi. Alamu imelia tukiwa bado tunaona nguo zilizoanikwa ufukweni. Edmund alipofungua kifuniko, harufu ya kuungua ikatupiga usoni, na oili imetoka na povu jeupe kama togwa iliyochacha. Alitaka kukitupa kile kifuniko na kichuma chake kama ulivyoagiza. Nimemkatalia, tundu lisibaki wazi.

Sasa Edmund ananiambia alamu yenyewe ndiyo mbovu. Anasema gia lingekuwa linaungua kweli lingeshakufa. Anataka kuukata waya ili tupite rasi kwa amani. Sikujui kwa sura, lakini nimemwambia hakatwi waya hapa mpaka Mzee Osward aseme. Amenuna, haongei na mimi tangu jana.

Kila asubuhi naamka naangalia ziwa, naangalia mlima, kisha nafungua zahanati. Nimechoka, Mzee. Mahali hapa pana mlango mmoja tu na umefungwa kwa alamu. Yule mama miguu imeanza kumvimba.

Sekela


Ruanda,
14 Machi 2024

Nesi,

Waya haukatwi. Ukimwona Edmund na mkasi mnyang'anye. Ukimwona na kisu, mnyang'anye. Usiniulize kwa nini, fanya hivyo tu.

Povu maana yake maji yameingia kwenye oili, au oili haipozwi. Fanyeni hivi. Kuna bomba linalovuta maji ya ziwa kwenda kuipoza giaboksi, na mwanzoni mwake kuna chujio. Lifungueni. Msimu huu linajaa magamba ya usipa na majani. Kisha washeni injini, mmoja aangalie nyuma ya boti kama maji yanatoka kwa nguvu, mwingine ashike bomba kwa mkono. Likiwa la moto sana kote, maji hayapiti. Hapo ndipo ugonjwa wenu ulipo. Alama yangu haina kosa.

Na huyo mama wako, hebu niambie, ni mtu wa wapi huyo asiyeweza mlima? Huku kwetu mwanamke ana mimba ya miezi tisa na anapanda na debe la mahindi kichwani. Mwambie aache kudeka, amshike Bonifasia mkono wapande polepole, mimi nitawapokea na chai. Nyie wa siku hizi mmezoea kubebwa.

Usipa ni mtamu. Ahsante.

Osward


Lupembule,
17 Machi 2024

Mzee Osward, shikamoo,

Ni mimi Edmund. Nesi hajui kama naandika.

Nimeisoma barua yako ya juzi, na nimemwona nesi akiisoma. Mama unayemcheka kwamba anadeka ni yeye mwenyewe. Ndiye aliyepasuliwa, huko kwao, na mtoto yule hakukaa. Mumewe, Nathaniel, ni askari magereza yuko Kigoma. Nesi alikuwa ashuke hospitali ya Mbamba Bay mapema kusubiri siku zake, ndipo boti ikaanza hii michezo yake. Hapa anazalisha wenzake, na yeye akishikwa hakuna wa kumzalisha. Mwezi uliopita alijaribu huo mlima unaousema. Alifika kwenye mawe ya kwanza akavuja damu, tukamrudisha kwa machela. Nilimuuliza kwa nini hakuambii ukweli. Akanijibu hataki umwandikie kwa huruma, anataka umwandikie kwa akili.

Chujio ni safi. Maji yanatoka nyuma kwa nguvu. Bomba ni la baridi. Alamu inalia vilevile.

Kuna jingine, na ukinitukana nitakubali. Giaboksi yako haipo tena. Mwaka 2021 alikuja fundi kutoka mbali na giaboksi mpya, ya kijani, ndogo, akaifunga, akaijaza oili, akaondoka jioni ile ile. Ile yako ilichukuliwa kama chuma chakavu. Hatukukwambia. Tulikaa tukasema, Mzee tangu boti ilipokufa majini ikiwa imembeba Albina mwenye uchungu hajashuka tena ziwani, leo tumpelekee habari kwamba na giaboksi yake imetupwa? Tukaona tukuache na heshima yako. Kijiti chako tukakiacha kwenye msumari, na mwezi uliopita nilipobadilisha oili kwa mara ya kwanza nilipimia hicho. Gia ni gia.

Nasubiri neno lako la mwisho. Nesi akianza uchungu kabla halijafika, waya naukata. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Edmund


Ruanda,
19 Machi 2024

Sekela mwanangu, na wewe Edmund,

Bonifasia amekaa hapa mlangoni, nimemnyima hata kupumzika. Hajamaliza uji. Hii barua isomeni yote.

Edmund, gia siyo gia! Hamkutaka kuniumiza, mkaniheshimu mpaka mkataka kumuua mtu. Nilikata alama ile kwa giaboksi kubwa, yenye tumbo refu. Ukiiweka alama hiyo kwenye giaboksi ndogo, unaijaza mpaka kooni. Oili ikizidi haina pa kwenda, gia linaipiga inakuwa povu, na povu halipozi kitu. Ndiyo maana nilipowaambia mwongeze ikalia mapema zaidi. Nimewaongezea ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Sekela aliniandikia siku ya kwanza kabisa kwamba kuna kichuma kifupi kwenye kifuniko. Stiki yangu mimi iko chini ya ziwa. Sasa kichuma kilitoka wapi? Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema kitupeni, kwa sababu nilikuwa najisikia.

Hakijakatika. Kimezaliwa kifupi. Hicho ndicho kipimo cha giaboksi yenu.

Fanyeni hivi. Boti haiwezi kupandishwa nchi kavu kwa mawimbi haya, kwa hiyo msihangaike na nati ya chini ya kumwagia oili. Sekela, una mipira ile ya kumlishia mgonjwa puani, na una bomba kubwa la sindano. Ingizeni mpira kwenye tundu la kifuniko, mvute oili kidogo kidogo. Kila mara pimeni kwa kichuma, kikiwa kimefutwa kikavu. Kitakuwa na mistari miwili. Oili ikae katikati ya mistari, basi. Kisha mkizungusha ufunguo, kabla injini haijawaka, alamu ilie kidogo. Hiyo ni afya, maana yake iko macho. Injini ikiwaka itanyamaza.

Na kwa nini nilikataza waya. Mwaka ule wa Albina, alamu ilikuwa inanisumbua wiki nzima. Niliukata mwenyewe, asubuhi, nikapiga mluzi. Tulipofika rasi gia likafa bila kusema neno, kwa sababu nilikuwa nimeliziba mdomo. Tulipiga kasia na ubao kwa muda wa saa tano. Albina alijifungulia ndani ya boti na mtoto wake hakulia. Niliwaambia watu wote kwamba injini ilikufa ghafla, mipango ya Mungu. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Nisamehe kwa maneno yangu ya mlima, mwanangu. Kijiti changu kivunjeni mkipikie.

Osward


Ruanda,
26 Machi 2024

Sekela,

Siku ya saba hii. Hakuna jibu, na Bonifasia hajaonekana. Sokoni wanasema mto umefurika, wachuuzi wa usipa wamekwama ng'ambo, wengine upande huu. Upande upi hawajui. Barua hii sijui nitampa nani, naandika tu kwa sababu mikono haitulii.

Jana nilibeba fimbo nikateremka. Nilisema nitaifuata habari mwenyewe. Nilifika pale njia inapokata kona na ziwa linaonekana lote. Miaka sita sijaliona. Miguu ilikataa, Sekela. Nilikaa kwenye jiwe, mtu mzima na mvi zangu, nikalia, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Mke wangu Kunigunda aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia nilikuwa naangalia kahawa.

Wiki hii ni Wiki Kuu. Kanisani watu wanaomba mambo yao, mimi naomba mto upungue.

Osward


Mbamba Bay,
28 Machi 2024

Mzee Osward,

Naandika nikiwa nje ya hospitali, barua nampa kondakta wa kibasi cha Mbinga.

Barua yako ilifika jana Jumatano, saa tatu asubuhi. Bonifasia alikwama ng'ambo ya mto siku sita, akiwa ameifunga barua ndani ya nailoni na nailoni ndani ya kilemba. Nesi alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri. Tulikuwa tumeshampakia. Mzee, sitakuficha, mkasi wa zahanati ulikuwa mkononi mwangu na waya ulikuwa katikati ya meno ya mkasi. Ndipo nikasikia mtu anapiga kelele huko juu kwenye njia, "Edmund! Edmund! Usiondoke!" Ni Bonifasia, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iko wapi.

Nesi hakuweza kuishika karatasi, akasema nisome kwa sauti. Nikasoma yote kama ulivyoagiza. Sikujua kilichomo. Na ndani ya boti alikuwepo Albina, kwa sababu yeye ndiye aliyejitolea kumsindikiza. Nilipofika pale penye jina lake nikaishusha karatasi. Akaniambia, "Soma, mtu ana uchungu hapa."

Nilijaribu mara mbili, mpira hauingii kwenye tundu. Nesi akaninyang'anya. Alivuta oili yeye mwenyewe, Mzee. Uchungu ukija anaacha, anamshika Albina bega, anahema, ukipita anaendelea. Anavuta, anamwaga kwenye beseni, anapima. Kichuma kile kina mistari miwili kweli. Siku zote tulidhani ni mikwaruzo.

Nilizungusha ufunguo, alamu ikalia kidogo, injini ikawaka, ikanyamaza. Tulipokaribia rasi nilikuwa siangalii mbele, naangalia taa. Haikuwaka. Nesi aliniuliza mara tatu kama nimekata waya. Mara ya tatu nikafungua kifuniko cha injini nikamwonyesha waya wenyewe, mzima, ndipo akafumba macho.

Aliingizwa chumba cha upasuaji jana saa nane mchana. Baadaye wakatoka kutafuta damu, nikatoa yangu, Albina akatoa yake. Tangu hapo hatujaambiwa kitu, tunaambiwa tusubiri. Nimelizoea neno hilo na bado silipendi.

Edmund


Mbamba Bay, hospitali,
2 Aprili 2024

Baba Osward, shikamoo,

Niko hai. Mwandiko huu ni wa kulala chali, nivumilie.

Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Daktari ameniambia ningechelewa saa moja zaidi tusingeongea. Mtoto ni wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, na ana sauti. Alipolia nilidhani ni ile alamu, nikamwambia muuguzi "zima injini." Wamenicheka wodi nzima. Nathaniel amepata ruhusa, yuko njiani kutoka Kigoma.

Nilikukasirikia, sitasema uongo. Siku ile uliposema nadeka niliikunja barua yako nikaiweka chini ya mguu wa meza inayocheza. Bado iko hapo. Lakini pia nilikuficha, na mtu akimficha fundi asimlaumu fundi. Yamekwisha kwa upande wangu. Kwetu Tukuyu tungesema ndaga, yaani asante, Baba.

Kijiti chako hakijavunjwa. Nilimwagiza Edmund akivunje akanikodolea macho kama nimemwambia achome kanisa. Anasema kijiti cha mzee anavunja mzee mwenyewe. Kiko kwenye msumari wake, amekifunga kitambaa ili asije mtu akapimia.

Na nina ujumbe wa Albina. Tangu siku ile hajasema lolote juu ya barua yako. Ananinawisha, ananipikia uji, anambeba mtoto. Jumapili Edmund atamrudisha nyumbani. Leo asubuhi nilimwambia nakuandikia, je, nikupe salamu zake? Alimlaza mtoto kwanza. Kisha akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Maneno yale aliyaandika kwa nesi. Mimi hajaniambia kitu. Mwambie mimi nipo Lupembule, sijahama."

Sekela


Ruanda,
5 Aprili 2024

Sekela mwanangu,

Barua imefika leo. Kunigunda ameisoma baada yangu, nikamweleza yaliyobaki, na sasa anajua kila kitu, pamoja na ile kona niliyorudia, utaisoma kwenye barua ya Wiki Kuu niliyoifungia humu. Ameleta koti langu la mvua ameliweka juu ya kiti.

Barua hii nampa kondakta wa kibasi leo itangulie. Bonifasia anashuka Jumatatu alfajiri na nitaongozana naye. Ameniambia nikisimama kwenye kona ile atanisukuma, na mikono yake naijua, ni ya kubeba mizigo.

Mwambie Edmund asiniwekee boti tayari, na asinipeleke ufukweni kunionyesha injini. Kijiti nitakivunja, giaboksi yenu ya kijani nitaiona, na nitamfundisha kuipima vizuri. Hayo yote baadaye. Nikifika anipeleke kwanza mpaka mlangoni kwa Albina, kisha aniache hapo.

Osward